Mfuko Namba Hamsini na Nne

Mfikirie Lorna Brandvold anavyofika. Ni saa kumi na mbili asubuhi, Ijumaa ya mwezi wa tatu. Theluji ya wiki iliyopita imeshageuka matope meusi pembezoni mwa maegesho, na upepo wa Nebraska unapiga kana kwamba umetumwa. Gari lake dogo la bluu linazunguka taratibu hadi nyuma ya ukumbi wa michezo, penye mlango wa kupakilia mizigo, linasimama, taa zinazimwa. Lakini mama hashuki. Kiti cha nyuma kimejaa soksi alizofua nyumbani kwake. Kiti cha pembeni kina mikate arobaini ya siagi ya karanga na jamu, aliyoipaka mwenyewe. Mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Anaikunjua, anaisoma, anaikunja. Dakika kumi nzima. Mimi nilikuwa pale napasha moto injini ya basi, nikamwona, nikasema moyoni: leo kuna mtu ataumia kabla hata mechi haijachezwa.

Lorna ana miaka hamsini na tisa na ndiye mtunza vifaa wa Panzi. Ndiyo, Panzi. Timu ilipoanzishwa watoto wa shule za mji wetu wa Harlan Forks waliachiwa kuchagua jina, na watu wazima wakaona haya kulikataa. Panzi hucheza mpira wetu wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana mabega, ila huucheza ndani, juu ya zulia la kijani linalotandikwa kwenye uwanja wa barafu uliozungushiwa ukuta mfupi wenye magodoro. Wanane kwa wanane. Pa kukimbilia hakuna. Ukisukumwa unakutana na ukuta, ukizidi kusukumwa unaangukia mapajani mwa mtu aliyekuja na soda yake.

Sasa, kuna jambo moja Panzi hulifanya ambalo sijaliona kwa timu nyingine, na nimeendesha nyingi. Siku ya safari hapabandikwi orodha wala hapasomwi majina. Kocha anampa Lorna karatasi, Lorna anashusha mifuko kutoka kwenye rafu na kuipanga ukutani karibu na mlango wa mizigo. Kila mfuko una namba ya mwenyewe. Ukikuta wako umepangwa, unasafiri. Ukikuta haupo, umebaki kwenye rafu, na wewe utabaki nao. Nimeona majitu ya kilo mia na arobaini yakitembea mbele ya mifuko ile kama watoto wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Ili ujue kwa nini Lorna alikaa garini dakika kumi, lazima nirudi nyuma hadi Jumatano.

Jumatano baada ya mazoezi alimzuia Kip Haugland mlangoni. Kip ana miaka thelathini na minne, wenzake wanamwita mzee, siku za kazi anapakia nafaka kwenye maghala ya pale kando ya reli. Uwanjani ni mtu wa kati. Nikueleze maana yake, kwa sababu kila kitu kimesimama hapo. Mbele ya kijana anayerusha mpira hujipanga watu watatu tu. Wa kati ndiye anayeupitisha mpira katikati ya miguu yake kwenda nyuma, halafu papo hapo anainuka kulizuia jitu linalokuja mbio. Mguu ukimkatalia, jitu linapita. Na mrushaji wakati huo anatazama kwingine.

"Kaa hapo," Lorna alimwambia.

"Bi Lorna, nina njaa, niache nikale."

"Kaa, Kip. Kwa mwili huo njaa haitakuua leo."

Akaweka viatu viwili mezani, nyayo juu.

"Hivi ni vya mtu mmoja au wawili?"

Kip akacheka. "Vyangu. Namba kumi na tano. Nani mwingine ana miguu mibaya hivyo?"

"Cha kulia kimekwisha kidoleni, vinundu vyote vimelika. Cha kushoto kama nimekitoa dukani jana. Huukanyagi mguu wa kushoto. Tangu lini?"

"Zulia letu bovu, unalijua."

"Zulia ni hilohilo kwa wote, na viatu vya wote nasafisha mimi. Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Viatu vinasema sita."

"Basi vinajua kuliko mimi," Kip alisema, lakini safari hii kicheko hakikutoka. Akaipandisha suruali. Goti la kushoto lilikuwa limejaa kama mkate uliozidi hamira. Akaishusha haraka.

"Baba amekata tiketi ya mechi ya Jumamosi," alisema.

Lorna akavuta kiti. Habari za Mzee Haugland kila mtu wa Panzi anazijua. Analima viazi sukari, vile vya kutengenezea sukari, nje ya mji wa Kessler, kaskazini, ambako mechi hiyo ingechezwa, mwendo wa saa tisa kwa basi, na kwa miaka kumi na moja amekuwa akiuita mchezo wa mwanawe mpira wa kabatini. Mpira, kwake yeye, ni wa nje, kwenye matope, watu wakitoa mvuke puani. Timu imecheza Kessler kila mwaka. Mzee hajawahi kutia mguu.

"Alipiga simu Jumapili. Ananiuliza mlango wa kuingilia uko upande gani. Safu ya kwanza, Bi Lorna. Ukutani kabisa."

"Alisema kwa nini?"

"Eti Jumamosi hana kazi. Mkulima wa viazi sukari, mwezi wa tatu, hana kazi! Kila mwaka mwezi wa tatu hana kazi, na hajawahi kuja." Akafuta uso kwa taulo. "Mechi moja tu. Nikirudi nakwenda kwa daktari kwa miguu yangu mwenyewe, hiyo mibaya. Usimwambie Kocha."

Lorna hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alivichukua viatu akaanza kuvipiga brashi.

Kesho yake, Alhamisi, akaja Tavion Pruitt, ndiye mrushaji mwenyewe, miaka ishirini na minne, fundi wa matairi. Alikuwa ameshonwa nyuzi tano kidevuni. Majuma mawili nyuma jitu moja lilipita katikati na kumlaza ukutani, na kila mtu alisema ni bahati mbaya.

"Bi Lorna, kamba ya kofia inanikwaruza nyuzi. Nitilie kitu laini."

"Kaa. Usitikisike. Unaogopa Kessler?"

"Mimi? Barafu yao iko chini ya zulia palepale, zulia linatoka jasho, ukuta wao magodoro yamebaki jina tu. Nani asiogope?" Akacheka, akashika kidevu kwa maumivu. "Lakini mzee Kip akiwa mbele yangu mimi nalala usingizi, mama. Hata siangalii."

Hata siangalii. Lorna aliniambia baadaye kwamba neno hilo lilikaa naye mchana kutwa, akikunja jezi, akihesabu taulo, likawa linarudi tu.

Saa kumi jioni Kocha Ochsner akaingia chumba cha kufulia. Huyu kazi yake ya kila siku ni kuwafundisha watoto wa sekondari kuendesha magari, kwa hiyo si mtu wa kupandisha sauti. Alikuwa na karatasi yake. Majina yote yalikuwapo isipokuwa moja.

"Mtu wa kati," alisema. "Kip au yule kijana Wimmer?"

"Mimi nafua soksi, Kocha."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Nikimuuliza Kip, atasema ni mzima. Daktari wetu naye haji mpaka siku ya mechi. Namwona Kip anainuka polepole, lakini labda ni umri. Wewe hujawahi kunidanganya."

Mashine ilikuwa inazunguka. Lorna akaisubiri imalize, na mashine ile, nakwambia, haina haraka. Ilipotulia akafungua mlango, akatoa jezi moja mbichi, akaikamua ingawa mashine ilikuwa imeshaikamua.

"Mguu wa kushoto haumbebi," alisema. "Wiki sita."

Kocha akaweka karatasi juu ya mashine, akaandika Wimmer, akaikunja mara nne, akampa.

Hiyo ndiyo karatasi ya garini.

Ijumaa saa mbili wachezaji wakaanza kufika, mabegani wamebeba mito yao ya kulalia basini. Mifuko ilikuwa imepangwa, ishirini na miwili. Kila aliyeuona wake alijifanya hakuwa na wasiwasi.

"Wimmer, wewe pia unakuja? Nani atabaki kulinda mji?"

"Kaa mbali na kiti changu, unakoroma kama trekta."

Kip akaingia saa mbili na robo. Alikuwa amenyoa ndevu, nywele zimechanwa kwa maji, na shingoni amefunga tai. Tai! Miaka yote ile sijamwona na tai. Kelele zikapungua, maana wenzake walikuwa wameshaisoma mifuko kabla yake. Akatembea mbele ya ukuta. Hamsini na moja. Hamsini na mbili. Hamsini na nane. Akarudi. Hamsini na mbili, hamsini na nane.

"Bi Lorna," alisema kwa sauti ya mzaha, "uzee huo. Umesahau mfuko wangu."

"Sijasahau."

Mimi nilizima redio ya basi pale mlangoni.

"Umeniuza," Kip alisema.

"Nimeulizwa, nikajibu."

"Ungeweza kunyamaza. Kunyamaza tu! Nimekuomba kitu kimoja miaka yote hii."

"Ningeweza. Halafu kesho nisimame pale na taulo nikingoja kijana wa watu aangushwe, huku najua?"

Tavion akasogea, mto kwapani. "Mzee, ni kweli?"

Kip akatazama mlango.

"Wiki mbili zilizopita. Hii." Tavion akagusa kidevu. "Ulikuwa mguu?"

"Niliteleza."

"Ulikuwa mguu?"

"Ndiyo."

"Ungeniambia mimi, mzee. Mimi ndiye ninayevunjika." Hakusema kwa hasira, na nadhani hasira ingekuwa nafuu. Akaokota mfuko wake, akaenda basini.

Kip akakaa juu ya sanduku la kofia na kulegeza tai. Mtu mkubwa vile, akawa mdogo. Wenzake wakampita mmoja mmoja, wengine wakimgusa bega, wengine wakijifanya wanatafuta kitu mifukoni. Kocha alisimama mlangoni na saa yake. Saa tatu kasorobo.

Ndipo Lorna akavua kamba aliyoivaa shingoni. Kamba ile ina bisibisi na funguo za sanduku, na sijawahi kumwona bila hiyo, nadhani hata kulala analala nayo. Akamwekea Kip mapajani.

"Basi lina viti thelathini na vyote vina wenyewe," alisema. "Kimoja ni changu. Kichukue."

Kip akaitazama bisibisi kama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni.

"Nikabebe maji? Mbele ya baba?"

"Maji, na kofia ishirini na mbili. Kila skrubu ikazwe kabla ya mechi na wakati wa mapumziko, zile za Tavion mara mbili. Na Wimmer hajawahi kuushika mpira wenye unyevu. Mwonyeshe. Utakuwa umesimama hatua tatu kutoka kwake."

"Unajua mtu wa vifaa anasimama wapi kule?"

"Nimesimama hapo miaka kumi na minne. Ukutani. Mgongo kwa safu ya kwanza."

"Basi unajua unaniambia nini."

"Najua."

Kocha akaja, akaomba karatasi. Akaikunjua. Chini kabisa, mstari wa vifaa, jina la Brandvold lilikuwa limekatwa kwa kalamu na pembeni pameandikwa Haugland, mwandiko wa mtu aliyeandika juu ya usukani.

"Lorna, hujawahi kukosa safari hata moja."

"Basi nina haki ya kukosa moja."

Kocha akamtazama Kip. "Ni juu yako. Mimi saa tatu naondoka."

Nikaingia kwenye kiti changu. Kwenye kioo cha pembeni niliona mlango wa mizigo, na Kip bado amekaa, na bisibisi inazunguka vidoleni mwake. Saa tatu kasoro dakika tano. Kasoro tatu. Kocha akapanda. Nikaweka gia, nikakanyaga breki, nikangoja. Naapa sijawahi kuchelewesha basi kwa makusudi, isipokuwa siku ile.

Akainuka. Akavaa kamba shingoni juu ya ile tai, akanyanyua sanduku la kofia, akaja. Na safari hii hakuficha. Alichechemea wazi, mbele ya madirisha yote ya basi. Ngazini alitanguliza mguu wa kulia, akauvuta wa kushoto kwa mkono. Tavion alikuwa ameketi safu ya pili. Aliliangalia sanduku, akamwangalia mwenye sanduku, kisha akautoa mto wake kiti cha pembeni, pakawa na nafasi.

Lorna alibaki mlangoni, mfuko namba hamsini na nne ameukumbatia kama mtoto aliyelala, koti halijafungwa, upepo unampiga. Hakupunga mkono. Alionyesha kidole tu kuelekea mikate tuliyoipakia, kwamba tusisahau kuila.

Tulipita maghala ya nafaka, tukapita reli, tukashika barabara kuu ya kaskazini. Maili kumi mbele nikasikia sauti nyuma ya sikio langu, ya chini, mtu hataki wengine wasikie.

"Dereva. Baba atainama pale ukutani. Ataniuliza jezi iko wapi. Nimwambie nini?"

Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa anaikaza na kuilegeza skrubu ileile ya kofia ya Tavion, anaikaza, anailegeza. Barabara ilikuwa imenyooka, na Kessler bado ilikuwa mbali sana.

Wewe ungemwambia amjibu nini?