Mtoto Aliyewekwa Mbele ili Askari Wamwone

Nikipita Kavumu hadi leo namsikia shemeji yangu, mume wa dada yangu, akiwa kwenye usukani siku ile wakati wa vita: "Muleteni mutoto hapa mbele, basoda bamuone!" Na hasira yangu haijaisha, mwanangu. Usiniambie nitulie.

Wakati ule barabara ya kwenda Bukavu ilijaa bariyeri, kamba imevutwa njiani na askari wenye njaa wamesimama. Madereva wakazoea ujanja mmoja: mtoto apakatwe kiti cha mbele, karibu na kioo, askari amwone, amhurumie, gari lipite bila kuombwa kitu. Ndivyo Furaha, mtoto wa dada yangu, miaka miwili tu, alivyotolewa kule nyuma na kuwekwa mapajani kwa mama yake.

Mama yetu alifoka. "Mumuache mutoto huku nyuma na mimi! Mutoto haiko karatasi ya kupitia!"

"Maman, tulia, batatupitisha bure," shemeji akajibu, akicheka. Akacheka! Kisha akakanyaga mafuta, maana alitaka kufika kabla ya giza.

Tukakata kona, kamba hiyo hapo. Akafunga breki. Dada yangu alimshika mtoto kwa nguvu zake zote, na hazikutosha. Furaha akagonga kioo kwa kichwa. Askari walipoona damu waliishusha kamba wenyewe, hawakuomba hata sigara. Tulipita bure, ndiyo. Kesho yake tukamzika.

Sasa wewe! Jumapili, baada ya misa, nakuona pale mtaani Nyalukemba unaendesha, mwanao yuko mapajani kwako ameshika usukani, na watu wanampigia makofi. Loo! Wewe unamuonyesha askari gani? Nakuuliza, unanijibu, "Maman, ni hapa karibu tu." Hata sisi tulikuwa karibu kufika.

Sikia, sitarudia. Mtoto anakaa nyuma. Akiwa mdogo, mtafutie kiti chake cha gari na ukifunge vizuri; akikua, mkanda, hata kwa safari ya sokoni. Akilia, alie. Mkeo akisema atampakata, mkatalie, kwani mikono ya dada yangu niliiona kwa macho yangu. Na wewe, punguza mwendo.

Mungu akubariki, mwanangu. Akulindie nyumba yako, akupe wajukuu wa kukusumbua uzeeni. Haya, mwanao ameshapanda tena kiti cha mbele cha gari lako; nenda ukamtoe. Nasimama hapa mlangoni, nakuangalia.