Samaki wa Shemeji

Shemeji yake Naima hapiti sebuleni bila kuligonga lile tangi la samaki. Huinama mpaka kitambi kinagusa kioo, akagonga kwa pete ya ndoa, ko-ko-ko, na kunadi kama yuko mnadani: "Tokeni basi muonekane!" Samaki waliokuwa wametulia hutimka wote wakajibana nyuma ya pampu. Hapo husonya. "Sasa mie nimenunua samaki au nimenunua maji?" Kigae cha chungu walichokuwa wakijificha alishakitoa, eti kinawadekeza, wageni wanakuja hawaoni kitu. Naima, anayeishi pale Sinza kwa dada yake, amesema mpaka mate yamemkauka: "Shem, warudishie kigae chao. Wakijua wana pa kukimbilia, watatoka wenyewe." Anajibiwa kwa ko-ko-ko.

Jumapili ikapigwa hodi: mama yake Naima, kutoka Temeke. Kwao shemeji, huko bara, mwanamume hatazamani na mama mkwe wake. Hata salamu hakungoja. Alitimkia chumbani, ndara moja ikabaki sebuleni, akajifungia. Mama akaketi mbele ya tangi, akatazama maji matupu. "Na mkwe wangu je, naye hayupo?"

Naima akaona sasa imetosha. Akauendea ule mlango, akaugonga kwa bangili, ko-ko-ko. "Shem, toka basi uonekane!"

Kisha sauti ndogo ikapenya kwenye tundu la kitasa: "Usigonge, Naima. Ukigonga ndo sitoki kabisa."