Mwaka wa Pua Safi

Enzi zetu, ukitaka kujua kama nyumba fulani ina mafuta ya taa, hukuuliza. Ulikagua pua za watoto wake asubuhi. Koroboi lilikuwa kopo dogo lenye utambi wa kitambaa, na moshi wake ulimpanda usoni yeyote aliyeinamia kitabu. Ukiamka na kupenga kamasi, ilitoka nyeusi tititi. Tulijivunia weusi ule. Mwenye pua nyeusi ndiye aliyefanya hesabu zake, na mwalimu wetu wa darasa la tatu alimtambua mvivu kabla hajafungua daftari. Nikiwasimulia wajukuu zangu haya, wanakunja nyuso na kuniuliza kama hatukuwa na leso. Leso tungeitoa wapi? Tulikuwa na mkono wa sweta.

Kwetu ni Nyamira, na wakati huo Nyamira bado ilihesabiwa kuwa Kisii. Maua ya pareto yalianikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, michai ilikuwa bado michanga, na jioni kilima kizima kilinuka ndizi za kuchemsha na mboga za chinsaga zilizokuwa jikoni tangu mchana. Kiswahili tulikisikia kwa mwalimu na kwenye redio ya baba. Redio hiyo ndiyo iliyoanza kutuletea habari za vita vya Waarabu na mafuta. Wanaume waliokuja kuisikiliza walitikisa vichwa, wakasema wenye magari watakiona. Kilimani kwetu gari lilikuwa lori la kubeba majani ya chai tu, kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi.

Kisha mafuta ya taa yakapanda bei kwa Ombati. Yakapanda tena. Ombati ndiye aliyekuwa na duka la pekee kilimani, na pipa lake lilikaa pembeni ya kaunta na pampu ya mkono. Alipampu huku akisema kwamba si yeye, ni Waarabu. Sukari ikapanda, Waarabu. Kiberiti kikapanda, Waarabu hao hao. Mama yangu, ambaye wenzake walimwita Ng'ina Kemunto, yaani mama yake Kemunto, dada yangu mkubwa, alikuwa mtu wa kuangalia vitu kwa makini. Alirudi nyumbani siku moja na chupa tupu mkononi, akatuambia kwamba pipa ni lile lile la kabla ya bei kupanda, lina bonyeo lile lile ubavuni. Waarabu waliingiaje dukani kwa Ombati kupandisha bei ya pipa lililokwisha kufika?

Swali hilo alilipeleka kwenye egesangio. Hilo ndilo jina la kundi la wanawake waliopalilia kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, mpaka kila mmoja amefikiwa. Huko, jembe mkononi, ndiko mambo mengi ya kilima chetu yalikoamuliwa kabla wanaume hawajaitisha mkutano. Wakakubaliana kwamba hakuna atakayenunua mafuta ya taa mpaka Ombati ashushe bei. Atakayevunja agizo atapalilia peke yake msimu mzima. Mkaguzi akawa Omong'ina Kerubo, bibi mzee kuliko wote, ambaye boma lake lilikuwa kando ya njia ya shule. Kila asubuhi alitusimamisha mmoja mmoja, akatuinua kidevu kwa kidole chenye harufu ya ugoro, akachungulia puani. Ukiwa safi, alikupiga kofi dogo la mgongo, ukaenda zako.

Sisi wadogo tulifurahia giza. Tulikula jua likiwa bado juu ya miti, tukalala tukisimuliwa hadithi za fisi. Ijumaa, kwa sababu sisi ni Waadventista, tulifungua Sabato mapema, na nyimbo tukaziimba kwa kichwa bila kitabu. Baba alikosea beti, mama akamcheka. Ninakumbuka kipindi hicho kama cha furaha, na ninajua kwamba kwa dada yangu hakikuwa cha furaha hata kidogo.

Kemunto alikuwa darasa la saba. Mtihani ulikuwa mbele yake, na zama zile msichana aliyeanguka mtihani hakurudia darasa. Baba mdogo alikuwa amekwisha kuzungumza habari za mwanamume mmoja mwenye ng'ombe upande wa Keroka. Dada alilijua hilo. Mchana alichota maji, akachuma pareto, akabeba mdogo wetu mgongoni; muda wake wa kusoma ulikuwa baada ya giza kuingia. Sasa alisoma kwenye mwanga wa mafiga, macho yakimtoka machozi, akisogeza kitabu kila ndimi za moto zilipohama. Hakulalamika. "Huyu ni mwanangu wa egesangio," mama alisema kwa majivuno, na mimi niliona mabega ya dada yakishuka kila alipolisikia neno hilo.

Asubuhi moja dada alikuwa ananawa nje, mama akamwona. Pua ilikuwa nyeusi.

Baba ndiye aliyenunua. Alipita mlango wa nyuma wa Ombati, akarudi na chupa imefungwa kwa gazeti, akamwashia dada koroboi kwenye ghala la mahindi. Hakukana. Alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu sisi tulikuwa tunasikiliza: "Mtihani haungoji bei ishuke, Ng'ina Kemunto."

Maji yalikuwepo kwenye karai, na ncha ya kitambaa ingetosha kuisafisha pua ile kabla ya njia ya shule. Nilimwona mama akilitazama karai. Kisha akamshika dada mkono, akaichukua chupa, akaenda nao hadi shamba lililokuwa na zamu siku hiyo. Mimi nilifuata nyuma, kwa sababu hakuna aliyenikataza. Wanawake wakasimamisha majembe. Mama akaiweka chupa chini kwenye udongo uliopaliliwa, akamwinua dada kidevu mbele yao.

"Pua nyeusi ni ya kwangu," akasema. "Nipeni shamba langu nipalilie peke yangu. Lakini mtoto huyu akianguka, ataolewa, na mimi sitakuwa na neno la kumwambia."

Mmoja akasema kwamba hata wa kwake yuko darasa la saba. Mwingine akasema wa kwake anasomea mbalamwezi. Kumbe kila aliyekuwa na mtoto wa mtihani alikuwa amelimeza jambo hilo peke yake, akidhani wenzake wana moyo mgumu kumpita. Mmoja alitaka chupa imwagwe pale pale iwe mfano. Omong'ina Kerubo akamkatalia.

"Tunapalilia kwa zamu," alisema. "Taa itatushinda kwa nini?"

Hivyo ndivyo taa ilivyoingia kwenye egesangio. Bibi huyo alikuwa na taa ya chemni aliyoletewa na mwanawe aliyefanya kazi mjini, na ilikuwa haiwashwi ila mgeni akija. Ikawa inahama. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, na watoto wote wa darasa la saba wakaifuata na madaftari yao, wasichana upande huu wa meza, wavulana upande ule, na mwenye nyumba akiwaangalia kwa jicho kali. Chupa moja, ambayo zamani ilitosha nyumba moja tu, sasa ililisha kilima. Ilipokwisha, hawakurudi kwa Ombati; walituma mtu Nyamira mjini akaleta nyingine. Chemni ina kioo na haina moshi mwingi, basi pua zikabaki safi.

Pipa la Ombati likakaa. Mwishowe alikuja mwenyewe nyumbani kwetu, akakaa kwenye kigoda, akakataa chai, kisha akaikubali. Akaeleza kwamba bei inatoka mbali na hana uwezo nayo. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Hatukuwasusia wa mbali, hatuwafikii," akamwambia. "Tulikususia wewe."

Alishusha. Hakurudi kwenye bei ya zamani, la. Ile sehemu ya Waarabu ilibaki, na tukailipa kama kila mtu. Ile sehemu yake mwenyewe ndiyo aliyoiondoa, na sukari na kiberiti vikashuka navyo. Dada alipasi, akaenda sekondari, akawa muuguzi. Mwanamume wa Keroka alioa kwingine.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya petroli. Mpwa wangu, kijana wa bodaboda, alinitumia ujumbe kwamba Jumatatu nchi nzima isinunue petroli ili bei ishuke. Ulikuwa na picha ya ngumi. Jumapili jioni nikamkuta kwenye kituo cha mafuta, foleni imefika barabarani, anajaza tangi hadi mdomoni ili Jumatatu asusie vizuri. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini nilipofika nyumbani nilimhurumia. Asipoendesha, watoto wake hawali, na hakuna mahali ambapo bodaboda wenzake watakaa pamoja na kupeana zamu ya pikipiki moja. Anayemsusia hamjui kwa sura. Hata wanaosusia pamoja naye, yeye hawajui.

Mama alishatutoka. Mwezi uliopita dada alikuwa kwangu na stima ikapotea wakati wa kula. Nilidhani wajukuu watasogea karibu nasi. Kila mmoja aliwasha simu yake, akabaki kwenye pembe yake, na nyumba moja ikawa na taa nyingi kuliko kilima chetu chote cha zamani. Dada alimwita mdogo wao, akamwinua kidevu kwa kidole, akachungulia puani.

"Nyanya, unatafuta nini?" mtoto akamuuliza.

"Namtafuta mama yangu," dada akasema.

Mtoto akacheka, akarudi kwenye simu yake.