Mzee Madatali na Farasi wa Jumamosi

Ukitaka kumkasirisha Mzee Madatali, mwambie mbio za farasi ni bahati tu. Atavua miwani, ataiweka mezani polepole, na wewe hutatoka hapo mpaka chai yako ipoe. "Bahati iko wapi? Farasi anasema kila kitu mwenyewe. Tazama masikio, tazama mkia, tazama anavyokanyaga. Shida ni ninyi hamna macho." Aki huyo mzee! Nimebishana naye miaka, na kwa mambo ya farasi hajawahi kunipa nafasi. Kwa mambo mengine, ngoja niwaambie.

Mimi naitwa Jepkosgei, mtu wa Nakuru. Mwaka 2011 nilianza kwenda nyumbani kwao Rexdale, hapa Toronto, kwenye ghorofa la barabara ya Kipling, kumsaidia mkewe. Jina lake Nilofar, ila mimi nilimwita Mama Ashif, kwa jina la mwana wao aliyehamia Calgary. Kisukari kilikuwa kinamla macho. Nilimtia dawa, nilimsaidia kuoga, na jikoni nilimsaidia kwa ujanja, maana akigundua unamsaidia anakufukuza na mwiko. Siku waliposikia natoka Nakuru, Kiingereza kiliishia pale pale mlangoni. Kiswahili chao kilikuwa cha zamani, cha dukani na mtaani, na walikuwa na hamu ya mtu wa kuwajibu.

Mzee alizaliwa Ngara, Nairobi. Baba yake aliuza vitambaa na alitaka mwanawe auze vitambaa, lakini kila Jumapili kijana alitoroka kwenda Ngong Road kwenye mbio. Hakwenda kukaa na wakubwa. Alizunguka nyuma, kwenye mazizi, akasimama na masaisi waliokuwa wakiwaogesha na kuwalisha farasi, akawauliza maswali mpaka wakamchoka. Huko ndiko alikojifunza. Baadaye akaja Toronto, akafanya kazi kwenye kiwanda cha plastiki karibu na uwanja wa ndege mpaka akastaafu. Na kwa jinsi Mungu anavyopenda mzaha, nyumba aliyoipata ilikuwa karibu na Woodbine, kiwanja chenyewe cha mbio. Ni safari fupi tu ya basi.

Na hakucheza kamari hata siku moja. Watu hawaamini, lakini ni kweli. Kwao Waismailia kamari ni haramu, na mzee hakosi jamatkhana, nyumba yao ya ibada. "Mimi natabiri, sichezi," alisema. Furaha yake ilikuwa kutaja asubuhi farasi atakayeshinda, na jioni farasi huyo awe ameshinda. Basi, hapo analala usingizi mzuri.

Jumamosi asubuhi alikaa mezani na ukurasa wa mbio, akafanya mazoezi kwa sauti kubwa kabla ya kushuka kwenye duka la kahawa la pale plaza, ambako wazee wenzake walimngoja. Majina ya Kiingereza ya farasi hakuyajali. Aliwapa ya kwake. Kulikuwa na Mama Mkwe, farasi jike anayefika kwa vishindo na kuwavuruga wote. Kulikuwa na Karani, asiyejituma mpaka dakika ya mwisho. "Mbio ya kwanza, Karani msimguse. Kumenyesha, naye hapendi kuchafua miguu. Mbio ya tatu, Mama Mkwe. Mkiniuliza kwa nini, wiki jana alirudi zizini amenuna, na akinuna hivyo safari inayofuata hashikiki." Wakati huo mkewe alikuwa jikoni anakaanga, kimya.

Alikuwa anamfungia kikapu cha kwenda nacho Woodbine. Kababu, bhajia za viazi, chatne ya ukwaju kwenye chupa ya jamu, chai ya maziwa yenye tangawizi, na vikombe viwili. Kila Jumamosi vikombe viwili. Cha pili kilikuwa cha Iqbal, rafiki wa mzee tangu kiwandani, mtu wa Kisumu, mnene na mcheshi, aliyezisifu kababu za Mama Ashif mpaka dereva wa basi akazijua. Mzee alichukua kikapu akasema, "Haya, Mama Ashif." Naye akajibu, "Haya, Baba Ashif." Mlango ukafungwa. Tangu wafike nchi hii, Jumamosi yao ilikuwa hiyo.

Sasa ilikuwa Desemba, mwaka 2012. Mama Ashif amelaza kichwa nyuma, mimi namtia dawa ya macho. Mzee yuko mezani anahubiri. "Mbio ya tano ni ya Karani, hakuna mwingine!" Mama Ashif, macho ameyafumba, akasema kwa sauti ya chini, "Hawezi. Wamembadilishia mpandaji. Huyu mpya anamvuta mdomo, na Karani hapendi kuvutwa."

Nilishtuka dawa ikamwagika shavuni. Nilimtazama, yeye akajipangusa shavu kama si yeye aliyesema. Jioni mzee akarudi amekunja uso, hata chakula hataki. Karani alikuwa wa mwisho.

Sikuwa na zamu mpaka Jumatatu. Jumatatu nikamngoja mzee atoke, nikamkalia mama karibu. "Mama Ashif, wewe umejulia wapi farasi?"

"Kwa kumsikiliza. Si anapiga kelele kila wiki?" Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Nilipokuwa mdogo tulikaa Eastleigh. Wakati huo mbio zilikuwa upande wetu, kabla hazijahamia Ngong Road. Nilikuwa napanda juu ya paa, pale kwenye tangi la maji. Naona vumbi, naona rangi za wapandaji, ndogo ndogo tu. Baba akanikuta. Alinichapa, akasema binti wa heshima haendi kwenye mbio. Mpaka leo hii sijamwona farasi wa mbio akipita karibu yangu. Nataka nione jasho lake, Jepkosgei. Mara moja tu, kabla macho hayajafunga."

"Kwani huna mdomo? Mwambie mzee!"

"Mwanamke hajialiki, binti yangu. Akitaka nifuatane naye, ataniambia."

Wee! Nilipandwa na hasira mpaka nikasikia masikio yanawaka. Mzee aliporudi nilimkuta mlangoni anavua buti za theluji, sikumpa hata nafasi ya kusalimia. "Mzee, mbona humpeleki mama kwenye farasi?"

Alinitazama kama nimetukana. "Mama Ashif? Yule ni mcha Mungu. Siku ya posa baba yake aliniambia mbele ya watu, haya mambo yako ya farasi usimwingize binti yangu. Nikampa neno langu. Sijamvunjia heshima hata siku moja. Hata kumwuliza sijamwuliza."

"Basi sikiliza. Mama alisema tangu Jumamosi asubuhi kwamba Karani hawezi, kwa sababu ya mpandaji. Anawajua farasi wako wote. Na anataka kuwaona kabla hajapofuka."

Mzee alikaa chini sakafuni, buti moja mguuni na moja mkononi. Alikaa hapo mpaka theluji ya buti ikayeyuka. Jameni, heshima gani hii? Huyu anamheshimu yule, yule anamheshimu huyu, na ujana wao wote umepita hapo katikati. Nilitamani niwapige makofi wote wawili.

Akainuka akaenda jikoni. "Nilofar," akamwita. Mimi sikuwahi kumsikia akilitamka jina hilo. "Utakuja na mimi kwenye farasi?"

"Lini?" akauliza yeye, haraka sana.

Mzee akatazama theluji dirishani. Jana yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Mbio za Woodbine hufungwa baridi ikianza, na hazirudi mpaka Aprili. Daktari naye alikwisha kusema macho yale yanaweza kuvumilia, yanaweza yasivumilie.

Kwa hiyo wakangoja. Lakini msidhani walingoja kwa huzuni. Mzee alitoa kurasa za mbio za zamani alizozirundika chini ya kitanda, akawa anamsomea mezani, na mama anachagua mshindi. Wakabishana! "Wewe unadanganywa na mwili mkubwa, Baba Ashif. Huyo ni tumbo tu." Mzee anapiga meza, mama anacheka mpaka anakohoa. Nyumba ile sikuwahi kuisikia na kelele namna hiyo. Lakini kuna wakati mzee alikatisha maneno, akabaki anamtazama. "Miaka yote ulikuwa hapo jikoni," anasema. "Nilikuwa hapo," anajibu mama, na anamwambia aendelee kusoma.

Machi damu ikavujia ndani ya jicho la kulia, lile lililokuwa limebaki na nguvu. Hospitali walijitahidi. Akarudi nyumbani anatofautisha mwanga na kivuli, basi. Mimi nililia kwenye lifti, sioni haya kusema.

Aprili ilipofika mzee akaniambia pembeni tusiende, tutamwumiza bure. Kabla sijamjibu, sauti ikatoka chumbani. "Umenialika, Baba Ashif. Au umefuta mwaliko?"

Jumamosi ile mama aliamka mapema, kabla sijafika. Alikuwa amevaa shali ya kijani, na kikapu alikuwa amekifunga mwenyewe, kwa kupapasa. Kababu mbili tatu zilikuwa zimeungua. Nikataka kusema kitu, nikajizuia.

Tulimsimamisha kwenye uzio, pale farasi wanapopitishwa kabla ya mbio. Upepo ulikuwa wa baridi. Mzee, ambaye midomo yake haijawahi kukosa neno mbele ya farasi, akawa anakwama. "Wa kwanza mweusi. Anatembea... anatembea vizuri."

"Masikio?"

"Ameyalaza nyuma."

"Mwache. Anayefuata?"

"Jike. Kahawia. Masikio mbele, anageuza kichwa kutazama watu."

"Ana jasho?"

"Shingoni. Kidogo."

"Huyo," akasema mama. "Huyo ndiye wetu."

Walipokimbia tuliwasikia kabla ya kuwaona, na walipopita pale uzioni ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyetu. Mama alishika uzio kwa mikono miwili, kinywa wazi, uso ameugeuza taratibu kufuata sauti mpaka ikapotea. Jike la kahawia lilishinda. Mzee akamwambia. Mama akatikisa kichwa, machozi yanamtoka kwenye yale macho. "Ungeniambia rangi yake sawasawa," alisema. "Kahawia ziko nyingi."

Mzee akajaribu. Alisema kama chai, akasema hapana, kama ukwaju, halafu akashindwa. Alilia pale mbele za watu, mzee mzima.

Hapo ndipo Iqbal alipotufikia, anahema, kofia mkononi. "Shemeji! Karibu sana! Leo kababu zimekuja na mwenyewe!" Na kama ilivyo kawaida yake akanyoosha mkono apewe kikombe.

Mzee akafuta uso, akafunua kikapu. Vikombe vilikuwa viwili. Akapekua chini ya kitambaa, akapekua tena. "Nilofar," akasema kwa upole, "umesahau kikombe cha Iqbal."

"Sikusahau," alisema mama, uso bado uko kwenye njia ya farasi. "Sijawahi kumfungia Iqbal kikombe."

Iqbal akarudisha mkono wake. Mzee alibaki ameshika kikombe cha pili hewani. Mimi nilihesabu miaka kichwani nikaacha, maana niliona nitaanza kupiga kelele.

"Kilikuwa changu," mama akasema. "Kila wiki nilidhani utaniuliza."

Mzee akamimina chai, nusu ikamwagika. Akakiweka kikombe mkononi mwa mkewe, akamkunjia vidole kimoja kimoja mpaka akakishika vizuri. Farasi wa mbio ya pili walikuwa wameanza kupitishwa. Iqbal akamwuliza mzee ni yupi atashinda.

"Sijui," alisema Mzee Madatali.