Udongo Ulionitangulia Pwani

Kwa mtu anayetaka kufika, kutoka Morogoro hadi Bagamoyo ni safari ya siku moja. Mimi nilitumia miezi minne.

Mke wangu alikuwa amefariki, na wanangu wawili walishahamia Dar es Salaam siku nyingi. Nilifunga nyumba, nikamwachia jirani ufunguo na kumwambia nakwenda pwani kumwona dada yangu. Kisha nikaenda Dakawa, ambako si njia ya pwani, kwa mzee mwenzangu niliyefanya naye kazi kiwandani. Nilikaa naye majuma sita nikimsaidia kufukuza ndege kwenye mpunga. Kutoka hapo nikaenda Kisaki kwa mwingine, nikakaa hadi majirani wakaanza kuniletea taarifa za misiba kama mtu wa kijiji. Mwisho nikapanda treni hadi Dar, nikalala kwa wanangu mpaka wakamwana zangu wakachoka kunipikia. Ndipo nikaenda. Nilikuwa nazunguka ili nisifike, na sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Dada yangu anaishi katika kijiji kidogo kaskazini ya Bagamoyo, si mbali na pale mto Ruvu unapoingia baharini. Amenizidi miaka sita. Aliolewa huko na Mzaramo akiwa binti, na mumewe huyo mpaka leo kazi yake ni kufua nazi, kuzivua makumbi. Nilipofika nilimkuta ameinama kwenye kifuo chake, kile kigingi chenye ncha, akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu.

"Mluguru," alisema, "tembea bila wasiwasi. Huku hakuna mteremko, hutabingirika."

Wazaramo na sisi Waluguru wa milimani ni watani, kwa hiyo ana haki ya kuniambia lolote, nami sina haki ya kukasirika. Nikamuuliza kama ngoma imekwisha mapema leo, hata nimemkuta Mzaramo akifanya kazi. Dada akatoka ndani kwa sauti zetu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipokea begi. Hakuniuliza kilichonileta. Kwao mgeni haulizwi, na hilo lilinifaa sana.

Asubuhi ya pili nilitoka na mswaki mdomoni nikakuta bahari haipo.

Nilikuwa nimeiona bahari kabla ya hapo, ile ya Dar, ya kupita na kutazama kwa dirisha la basi. Sikuwahi kuamka nayo. Jana yake jioni ilikuwa imefika karibu na minazi. Sasa ilikuwa mstari mweupe mbali kabisa, na mahali ilipokuwa palikuwa nchi nzima yenye mabonde na vijito na vilima vya mchanga, na wanawake wakitembea humo na ndoo kama watu waendao shamba. Nilisimama na povu la dawa mdomoni. Sekondari nilifundishwa kwamba mwezi ndio unaoyavuta maji, na kwenye mtihani nililijibu swali hilo nikapata. Nikiwa na miaka sabini na minne ndipo nilipojua nilichokuwa nimejibu.

Baada ya hapo sikufanya kazi nyingine. Kila siku nilitoka asubuhi nikakaa kwenye gogo la mnazi, nikaangalia maji yakiondoka na kurudi. Nilijifunza kwamba kuna siku za bamvua, maji yanapokwenda mbali sana na kurudi kwa nguvu, na siku za maji mafu, yanapojisogeza kidogo tu kama mgonjwa kitandani. Nilijifunza kwamba kaa mdogo kuliko ukucha huchimba nyumba yake upya baada ya kila maji kujaa, na hanung'uniki. Saa tatu zilikuwa zinapita sijui zimekwenda wapi. Mtu wa milimani amezoea nchi iliyosimama wima mbele ya uso wake; ukitazama, jicho linagonga mlima na kurudi. Pale jicho langu lilikwenda halikurudi. Kuna wakati nilishika gogo kwa mikono miwili.

Dada analima mwani. Bamvua linapotoa maji, yeye na wenzake huingia na vigingi na kamba, wakafunga vipande vya mwani kimoja kimoja kama mtu anayesuka nywele. Nilimtazama kwa mbali. Alikuwa anainama vilevile alivyokuwa akiinama mama yetu kwenye migomba, mkono wa kushoto mgongoni. Nikaangalia pembeni.

Sasa niseme nilichokuwa nimebeba.

Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba la ukoo hushuka kwa binti na kwa watoto wa binti. Mwanamume hulima la mama yake maadamu yeye mwenyewe yu hai, lakini watoto wake wana lao, la upande wa mama yao. Mama yetu alikuwa na shamba zuri juu milimani, lenye migomba na karafuu chache na chemchemi isiyokauka. Alipofariki, dada alikuja kuzika, akarudi pwani upesi kwa sababu mtoto wake alikuwa mgonjwa. Arobaini ilipofika, wazee wa ukoo walikaa kuamua, nao wakaniuliza mimi, ndugu yake, dada anasemaje kuhusu shamba. Nikasema amesema hataki tena mlima, mumewe ana minazi ya kumtosha. Kwa dada nikapeleka habari kwamba wazee wamesema aliyeolewa pwani hana shamba. Nililichukua mimi, nikawapa wanangu.

Nilikuwa nimesoma, nikijiona naielewa dunia mpya ambayo mtoto ni wa baba. Lakini kama kweli ningeamini hivyo, ningesimama mbele ya wazee nikalisema. Nilidanganya, maana yake nilijua ni kosa. Wanangu walikata miti yote ya kwenye chemchemi wakapanda kabichi. Mvua zikakata mteremko na kuuteremsha vipande vipande. Kisha wakahamia mjini. Na dada, miaka thelathini na zaidi, hakupanda tena mlima, hata kuona kaburi la mama.

Wiki ya tatu nikaamua kuondoka bila kusema. Nilijiambia dada ana amani yake, kwa nini nimvuruge. Nilimuaga shemeji jioni, nikamwambia kesho asubuhi napanda bodaboda ya kwanza. Asubuhi viatu vyangu havikuwepo mlangoni.

Shemeji alikuwa kwenye kifuo, anafua nazi. Nikamwomba viatu. Mtani akikuchukulia kitu, humnyang'anyi. Unakikomboa kwa masharti yake. Nikamuuliza masharti. Nilitegemea ataomba jogoo.

"Mtu hatoki Uluguru akaja kukodolea bahari wiki tatu kama inamdai," alisema, bila kuacha kufua. "Una mzigo, Mluguru. Siku utakayoutua, utavaa viatu."

Nikatembea peku. Siku zile huku pwani mawingu yalikuwa yanapita tu, lakini upande wa magharibi, kwetu, kila jioni radi ilikuwa inamulika. Masika ilikuwa imeanza juu.

Siku ya nne nikiwa peku, nilitoka nikakuta bahari imegawanyika. Upande wa kusini ilikuwa kijani kama siku zote. Upande wa kaskazini ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na mpaka kati ya rangi hizo mbili ulikuwa umenyooka kama umechorwa kwa rula. Mpaka huo ulikuwa unasogea, polepole, kuja kwetu. Ndani ya maji yale mekundu zilikuwa zinaelea takataka, matawi, na kitu kirefu cheupe ambacho nilikitazama muda mrefu kabla ya kukiamini. Lilikuwa shina la mgomba, mizizi yake bado imeshika bonge la udongo.

Nimeishi nikijua kwamba vijito vyetu vinaingia Ruvu na Ruvu inaingia baharini. Ni jambo la ramani. Lakini siku ile mlima wenyewe ulikuwa umekuja. Ulikuwa umetembea kutoka juu kule, ukapita nchi yote ile, ukafika na rangi yake ileile ninayoifahamu chini ya kucha zangu.

Dada alikuwa ndani ya maji hadi mapajani, akiwahi kuvuna. Maji ya matope yakizidi, mwani hulegea na kukatika. Nikaingia kumsaidia. Akanipa ncha ya kamba nishike, akachota maji yale kwa kiganja akaniangalia.

"Kila masika yanakuja," alisema. "Ukoo ulininyima shamba, kaka yangu, lakini udongo wa mama hauachi kuja kunisalimia. Nikiuona nasema ahsante, hata ukiniharibia."

Nikasema, "Si ukoo, dada. Ni mimi."

Nikamweleza yote nikiwa nimeshika kamba, maneno niliyowaambia wazee na maneno niliyomletea yeye. Nilieleza na kabichi. Aliendelea kukata mwani, akajaza gunia, akalivuta hadi mchangani peke yake, akaingia nyumbani.

Siku mbili hakunisemesha. Chakula alinipikia, akampa mumewe aniletee, na shemeji aliweka sahani bila utani hata mmoja. Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa nilichofanya. Nilikaa kwenye gogo. Maji yalienda na kurudi, mekundu. Kila yalipopanda nilijiuliza ni sehemu gani ya shamba hiyo.

Siku ya tatu alikuja akakaa kwenye gogo, mbali nami kidogo.

"Nilimzika mama nikiwa na haraka," alisema. "Nilidhani nitarudi kukaa naye. Uchungu wa shamba siuweki kwenye mizani moja na uchungu huo."

Aliokota kipande cha mwani mchangani, akakikung'uta.

"Mwanangu wa kike atapanda akaone kilichobaki. Na wewe hayo maneno utayarudia mbele ya wazee. Bahari umeshaiambia, bahari haina ukoo."

Nikakubali. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Siku ya kuondoka shemeji alinipa kiatu kimoja. Cha pili, alisema, atanikabidhi mlimani, akishasikia kwa masikio yake. Nikarudi Morogoro na ndala za kuazima.

Walikuja baada ya masika, dada, shemeji na binti yao. Bodaboda zilitufikisha mwisho wa barabara, kilichobaki tukapanda kwa miguu. Shemeji, kiatu changu kikiwa kwenye mfuko wa plastiki, alipumzika kila kona, na watoto wa jirani walipomwamkia hakuwa na pumzi ya kuitika. Nilimwuliza kama nimfunge kamba asibingirike. Mbele ya wazee nilisimama nikasema. Wazee wenyewe walikuwa wengine sasa, wale niliowadanganya wamekufa, na hilo halikunifanya niseme vizuri zaidi. Walinitoza mbuzi. Shamba likarudi kwa dada, na chini yake kwa binti yake, ambaye tayari alikuwa anawauliza majirani mahali pa kupata miche ya kupanda kwenye chemchemi.

Dada alikaa kaburini kwa mama mpaka jua likawa juu ya kichwa. Kisha akashuka kwenye chemchemi. Imepungua, lakini inatoka. Alichota kwa kiganja, kama nilivyomwona akichota baharini, akanywa.

"Haina chumvi," alisema.

"Subiri ifike kwangu pwani," shemeji akajibu, akaniwekea kiatu miguuni.