Kompyuta Iliyoponea Kuoshwa Muyinga

Mke wangu Konsolata alikuwa mwalimu hadi macho yake yalipozimika. Dada yake aliyebaki Tanzania alimnunulia kompyuta yenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti, akaituma Muyinga, huku Burundi, kwa Baba Shamimu, mfanyabiashara tunayemfahamu. Kazi yangu ilikuwa kuifuata. Mimi ni mkulima: jembe nalijua, kompyuta naiogopa, na ushuru ndio kabisa.

Asubuhi, nyumbani mtaa wa Yoba, mjini Gitega, Konsolata alinishika mkono mlangoni.

"Usiniletee ikiwa bubu," alisema.

Njia nzima kutoka Gitega sikuona mlima wala mgomba.

Muyinga, sokoni. Baba Shamimu alinipa chai, kisha akainama karibu.

"Ndugu, bila papye za duane, karatasi za ushuru, polisi watakukamata barabarani. Lakini usiende hivi. Watakulipisha ya mashine, na ingine ya programu. Siye hapa tunaosha kwanza."

Kuosha kwao ni kufuta kila kilichomo, mashine ifike kwa watu wa ushuru ikiwa tupu. Fundi wake alishakaa tayari.

"Ikioshwa, sauti itarudi?"

"Yenye kutoka Tanzania? Hapo mi sijue."

Nikitozwa mara mbili sitaweza, mashine itazuiwa. Nikikubali ioshwe, nitampelekea mke wangu sanduku bubu. Fundi aliponyoosha mkono, niliikumbatia.

"Naenda nayo ilivyo."

"Bon," alisema Baba Shamimu. "Utalia mwenyewe."

Ofisi ya ushuru. Afisa, mama wa makamo, aliiwasha.

"Karibu, Konsolata," ikasema mashine.

Foleni nzima iligeuka kutazama.

"Hii sauti ulinunua apart, peke yake, ao ilikuya ndani?"

"Ilikuja ndani, mama. Bei moja."

Aliitazama risiti iliyokuja na mashine, akanitazama mimi, akairudia risiti.

"Basi iko kitu kimoja. Programu yenye kukuya ndani inahesabiwa pamoja na mashine. Ungeinunua peke yake, hapo tungeongea ingine. Nani alikutisha hivi?"

Nililipa ushuru wa mashine tu, nikapewa karatasi zangu.

Niliporudi sokoni na kumsimulia Baba Shamimu, aliweka kikombe chini. Kumbe yeye aliwahi kununua programu kando, akatozwa kando. Soko zima likaogopa, likaanza kuosha.

"Tumeosha nyingi," alisema polepole. Fundi alikuwa anatazama pembeni.

Kurudi Gitega nilijua kwamba kuuliza si ujinga, lakini hofu haikunishuka. Kila gari liliporuka shimo nilidhani sauti imekufa.

Jioni, Yoba. Konsolata alipapasa, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

"Karibu, Konsolata."

Alibaki ameweka viganja juu yake, kama mtu anayeota moto.

"Sasa nenda nje," aliniambia. "Nataka kusoma peke yangu."