Kuku Aliyekuja Kumuaga Mshauri

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Songea inayowashauri watu namna ya kutumia fedha zao. Mshauri, kijana mwenye tai, alikuwa anaacha kazi siku hiyohiyo, na wenzake walishapanga soda na biskuti mezani. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa Madaba, kuku wa kisasa kwapani.

"Shikamoo, mama! Umeniletea zawadi ya kuniaga?" Kijana alikuwa ameshanyoosha mikono.

"Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye aliyebaki. Uliniambia niuze ng'ombe nifuge hawa, eti ndiyo biashara ya siku hizi. Wenzake wote wamekufa kwa kideri."

Kijana akakaza tai. "Malalamiko yako tumeyapokea, mama. Atayashughulikia mwenzangu anayekuja Jumatatu."

Kabla sijafungua mdomo kumtetea, mama alimtua kuku katikati ya biskuti, akauliza kwa upole kabisa:

"Na wewe unakwenda wapi, baba?"

"Nakwenda kujiajiri, mama. Nafungua biashara yangu."

"Ya kuku?"

"Hapana... ya mitumba."

Kuku akaanza kudonoa biskuti za sherehe. Mama akavuta kiti, akaketi, akajifungulia soda. "Basi huyo wa Jumatatu nitamngoja hapahapa."

Zamu yangu ilipofika sikutaka ushauri tena. Nilimuuliza tu kijana hiyo mitumba anaichukulia wapi.